Sauti ya Mtoto wa Maskini: Siti, Rosa na Kongowea

Yako mazoea miongoni mwa walimu na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili ya kuuchukulia umaskini kuwa ni chuo. Mtoto azaliwapo katika nyumba isiyo na kitu, akafiwa au akapigwa au akafukuzwa, kisha baadaye akawa mwimbaji au mwandishi, mhakiki husema kuwa dhiki ndiyo iliyomfunza. Kauli hiyo imo katika miongozo ya vitabu vya kutahiniwa, hurudiwa na wanafunzi katika karatasi za mtihani, na hupata alama. Sisi tunaoketi kuzisahihisha karatasi hizo tunaijua kwa ghibu. Madhumuni ya makala haya ni kuihoji kauli hiyo kwa kuvisoma upya vitabu vitatu ambavyo msomaji wa jarida hili havimgeni: Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na Siku Njema ya Ken Walibora. Neno sauti tutalitumia katika maana zake mbili, yaani ile itokayo kooni, na uwezo wa mtu kulisema jambo lake likasikizwa na watu wengine. Katika kitabu cha kwanza maana hizo mbili ni kitu kimoja. Katika cha pili zinatengana kabisa. Na katika cha tatu mwandishi anadhani zimekutana.

Huenda msomaji akauliza ni kwa haki gani tunauweka wasifu wa mtu aliyeishi kando ya riwaya mbili za kubuni. Jibu ni kwamba Shaaban Robert mwenyewe hakuweka ukuta mrefu baina ya mambo hayo. Aliziandika hadithi zake na wasifu wake kwa kalamu moja na kwa nia moja, nia ya kuadilisha. Hata hivyo iko tofauti ambayo ndiyo inayotufaa hapa. Mtunzi wa riwaya huyachagua matukio yake, naye akitaka huyaondoa yasiyoafikiana na hoja yake. Mwandishi wa wasifu hufungwa na mambo yaliyotukia, hata yale yanayompinga. Kwa sababu hiyo wasifu unaweza kujua zaidi kuliko mwandishi wake.

Mambo yenyewe ya maisha ya Siti ni machache na yanajulikana. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa, na halikuwa jina la mzaha. Hali ya utumwa Unguja haikuondolewa kwa sheria hadi mwaka 1897. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye, alipokwisha kujulikana. Baba alikuwa mkulima na mama mfinyanzi. Msichana alijifunza kufinyanga, akawa akivichukua vyungu kwa miguu hadi mjini kuviuza. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake, wakaimba mbele ya mashine za kurekodi, na sahani hizo za santuri zilizoimbwa kwa Kiswahili zikaenea pwani yote na bara. Alifariki mwaka 1950.

Shaaban Robert anayasimulia haya kwa namna ambayo mwenye kuijua kazi yake nyingine angeitarajia. Uzito wa kitabu umewekwa kwenye tabia: subira ya Siti, unyenyekevu wake, ukarimu wake, uchaji wake, namna alivyoyapokea matusi bila kutukana. Akitoka katika ukurasa huu, Siti anaweza kuingia katika Kusadikika au katika Adili na Nduguze pasipo kubadili nguo. Wako wahakiki wanaoliona jambo hili kuwa kasoro na kuliacha hapo. Sisi tunaonelea kuwa ni lazima kwanza kulielewa. Katika miaka ya hamsini, wakati wasifu huo ulipoandikwa, mwimbaji wa kike hakuwa mtu wa kutukuzwa na wenye heshima zao. Sembuse mwimbaji aliyetoka shamba, wa ukoo uliokuwa na alama ya utumwa. Mwandishi aliyetaka maisha yake yasomwe na vijana shuleni alikuwa kama wakili. Alimtetea mteja wake mbele ya mahakama iliyokwisha kumhukumu, na hoja ambayo mahakama hiyo ingeikubali ni hoja ya adili. Shaaban Robert, karani wa forodha kwa miaka mingi katika serikali ya kikoloni, alijua vyema ni lugha gani inayosikizwa na wakubwa.

Lakini utetezi huo una gharama yake. Ukiusoma wasifu haraka, utaondoka ukiamini kwamba Siti alikuwa na koo alilojaliwa na Mola, kwamba aliishi katika dhiki kwa subira, na kwamba koo na subira vilipokutana, utukufu ukazaliwa. Hivyo ndivyo wengi walivyousoma. Sharti tuyarudie mambo yaliyotukia na kuyauliza yanasema nini yenyewe.

Tuanze na vyungu. Inasimuliwa kwamba Siti alipokuwa akivitembeza vyungu vya mamake, aliwaita wanunuzi kwa kuimba, na watu wakamtambua kabla hawajamwona. Wahakiki hulitaja jambo hili kama dalili ya kipawa. Kwa maoni yetu ni dalili ya kazi. Mchuuzi anayetembea kutwa na mzigo kichwani hawezi kupiga kelele ovyo; akifanya hivyo, sauti itamkauka kabla ya adhuhuri na vyungu vitarudi Fumba. Hana budi kujifunza kuitupa sauti mbali kwa nguvu chache, kuijua njia ipi ina mwangwi na ipi imeziba, na kumtambua mnunuzi wa kweli katika kundi la wenye kutazama tu. Haya ni maarifa, na aliyapata kwa mikono na miguu. Hata hivyo tusiyazidishe. Wasichana waliotembeza bidhaa katika mitaa ya Unguja walikuwa wengi, na wote walikuwa maskini. Kama umaskini na uchuuzi vingetosha kumfanya mtu mwimbaji, mji ule ungekuwa na kina Siti mia.

Kilichomtenga na wenziwe kilitokea baada ya kuhamia mjini, nacho kina jina la mtu. Ali Muhsin, mpigaji ala aliyekuwa miongoni mwa watu wa taarabu wa mji huo, alimsikia akamchukua kumfunza. Ili kuipima thamani ya jambo hili yafaa tukumbuke taarabu ilikuwa nini wakati huo. Muziki huu uliingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze, na aliporudi akawafunza wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na mlango haukuwa wazi kwa mwana wa mfinyanzi. Ali Muhsin alipomfunza Siti namna ya kuimba pamoja na ala, mahali pa kuingia, mahali pa kunyamaza na kuiacha fidla iseme, alimpa kitu ambacho barabara ya kutoka Fumba isingeweza kumpa hata angeitembea miaka hamsini.

Kisha wakaja wenzi wake: Subeti Ambar, Mbaruku, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban. Wasomaji wetu hupita haraka kwenye majina haya, ilhali bila majina haya hakuna Siti. Kundi hili lilikutana Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa hali ya chini, likafanya mazoezi, likatunga, likarekebisha. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu utamaduni wa Unguja kilitoka mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo hizo zilivyojaa habari za mitaa na mambo ya watu wanyonge waliozisikiliza. Wimbo wa Kijiti ni mfano unaojulikana: mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam anauawa, mwenye kuua anatoroka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio wanaotiwa mashakani na mahakama. Mtu aliyepata sauti kwa msaada wa wengine, anaitumia kusema mambo ya wengine.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya pili, alipata kuzisikiliza baadhi ya rekodi hizo zikiwa zimehamishiwa kwenye kanda. Alitazamia utamu. Sauti ya Siti si tamu kwa kipimo cha masikio ya leo. Ni nzito, ina ukali, na sehemu nyingine hupitia puani. Jambo linalomshika msikilizaji ni nidhamu. Hakuna pumzi inayopotea. Kila neno limekatwa mahali pake, kama mtu anayejua kuwa sahani ina dakika chache na kwamba gharama ya kwenda Bombay ni kubwa. Hiyo si sauti ya mtu aliyejaliwa tu.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari nzima, ijapokuwa kwa kawaida hutajwa kama kichekesho. Siti alipopata jina, wapinzani wake walimtungia maneno ya kumsimanga. Walimkumbusha shamba alikotoka na nguo za kimaskini alizoingia nazo mjini, wakauliza amekuwa mtu tangu lini, na wakamwambia kwamba pasipo koo lake asingekuwa na chakula. Siti akajibu kwa wimbo. Jibu lake, kwa ufupi, ni kuwa sura na nasaba si hoja. Mtu anapata hasara anapokosa akili.

Tuyapime maneno hayo ya pande mbili. Wenye kumsimanga wanakubali kuwa ana sauti, lakini wanaifanya kuwa kitu kilichomdondokea, kitu kisichokuwa yeye. Mwondolee sauti, atabaki mshamba. Mwalimu wetu mwema anayesema kuwa Siti alituzwa kwa subira yake anamtakia heri, bila shaka, lakini naye anaifanya sauti kuwa kitu kilichomdondokea. Mmoja anaiita bahati, mwingine anaiita thawabu. Siti mwenyewe, alipopata nafasi ya kusema, hakutaja koo wala hakutaja subira. Alitaja akili. Alidai kwamba alichonacho ni kazi ya kichwa chake. Shaaban Robert ameihifadhi kauli hiyo katika kitabu ambacho sehemu zake nyingi zinavutia upande mwingine, na hilo ni la kumshukuru.

Tunapoliacha visiwa vya Unguja na kwenda Ukerewe, katika Ziwa Victoria, tunakutana na msichana ambaye kwa vipimo vyote vya nje ana nafasi bora kuliko Siti. Rosa ana shule. Anajua kusoma na kuandika. Nyumba yao katika kijiji cha Namagondo, kijiji alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe mwaka 1944, ni maskini, na umaskini wake una sababu iliyo wazi: Zakaria, babake, ni mlevi, na mzigo wote umemwangukia Regina, mamake. Riwaya ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, na baadaye ikaja kusomwa huko huko shuleni. Wahakiki waliojadili riwaya hii wamekaa sana kwenye swali la malezi, kwamba mtoto aliyebanwa mno huponyoka. Hatulikatai jibu hilo. Tunasema tu kwamba limetangulia kabla ya swali lenyewe kuulizwa vizuri.

Tazama jinsi matatizo ya Rosa yanavyoanza. Yanaanza kwa barua. Kijana Charles amemwandikia, barua inaingia mikononi mwa Zakaria, na Rosa anapigwa vibaya. Yaani maandishi yaliyoelekezwa kwake yeye kama mtu, yenye jina lake, yanamletea kipigo. Hakuandika yeye, ameandikiwa tu. Hakuna anayemwuliza anaionaje barua hiyo, anampenda Charles au hampendi, angelijibu nini. Zakaria hataki kujua. Regina angependa, pengine, lakini Regina naye ni mke anayepigwa, na mtu asiyesikizwa katika nyumba yake hawezi kumfunza bintiye kusikizwa. Tangu siku hiyo Rosa anajua kwamba maneno ni hatari. Shule ya wasichana anakokwenda baadaye inalitia muhuri funzo hilo kwa kufuli na kanuni. Kwa hiyo anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mahali ambapo hapana baba wala ukuta, hana neno hata moja la kukataa na hana neno la kukubali kwa hiari. Anabaki na mwili tu, na mwili unatumiwa na wengine, mkuu wa chuo akiwemo, hadi jina lake linaharibika katika vinywa vya watu.

Hapa kuna jambo la fani ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha. Msimulizi wa Rosa Mistika anajua kila kitu, naye husema mengi kumhusu Rosa: anavyovaa, anavyotazamwa, anavyosengenywa. Mara chache mno tunamsikia Rosa akijenga hoja yake mwenyewe. Katika sehemu kubwa ya riwaya yeye ni habari inayosimuliwa na watu. Charles anaporudi na kumkataa kwa kuwa si bikira, hata hapo hukumu inatolewa bila mshtakiwa kusikizwa, naye anajiua. Ni baada ya kifo, mbele ya hukumu ya Mungu, ndipo Rosa anaposimama mkabala na babake wakalaumiana waziwazi. Wako wanaoiona sehemu hiyo kuwa kiraka kilichobandikwa mwishoni. Sisi twaona kuwa mambo ya mwisho kabla yake ndiyo yaliyoharakishwa, maana vifo vinarundikana kana kwamba mwandishi anaona haya kubaki na wahusika wake walio hai. Lakini baraza lile la mbinguni lina maana kubwa. Kezilahabi amelazimika kumwua Rosa ili apate mahali ambapo binti wa maskini anaweza kumjibu baba. Duniani, katika Ukerewe aliyoijua, hakupaona.

Umaskini wa Rosa ulimfunza nini, basi? Ulimfunza kuficha. Kama dhiki ni mwalimu, huyu hapa mwanafunzi wake aliyehudhuria kila siku. Siti alikuwa na Ali Muhsin na wapigaji wake. Rosa hakuwa na mtu hata mmoja ambaye mbele yake angeweza kusema, akakosea, akarekebishwa bila kupigwa.

Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, inaonekana kwa mara ya kwanza kuwa imelitatua jambo hili, maana hapa kalamu amepewa mtoto mwenyewe. Kongowea ndiye anayesimulia, kwa nafsi ya kwanza, habari za maisha yake Tanga, za mamake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu aliyemlea bila baba, za kifo cha mama huyo, za mateso katika nyumba ya jamaa, na za safari ya kuingia Kenya kumtafuta baba. Vijana wa Kenya waliisoma riwaya hii kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, na wengi waliipenda hata baada ya mtihani, jambo ambalo si kila kitabu cha kutahiniwa kinaweza kujivunia. Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka 2020, aliwafanya vijana waone kuwa Kiswahili ni lugha ya kutamani. Hatuna nia ya kupunguza hata chembe ya sifa hiyo.

Tatizo letu liko mahali pamoja tu, nalo ni sauti yenyewe ya Kongowea. Tangu ukurasa wa kwanza inasema kwa ufasaha uliokamilika. Methali ziko mahali pake, tamathali zinamiminika, msamiati ni wa mtu aliyekaa na wazee na kamusi. Tunaambiwa kwamba umahiri wake katika Kiswahili ndio uliompa jina la Mswahili, nasi tunaamini, kwa kuwa kila sentensi ni ushahidi. Lakini hatumwoni akiupata umahiri huo. Hatumsikii akigugumia. Msimulizi anaweza kujitetea kwamba anasimulia akiwa mtu mzima, na ni kweli. Ila mtu mzima anayekumbuka utoto wake hukumbuka pia neno alilolikosea, aibu iliyompata, na aliyemsahihisha. Kongowea anayakumbuka mapigo na njaa kwa kina, lakini kujifunza kwake lugha amekusahau, kana kwamba alizaliwa nako.

Na labda ndivyo riwaya inavyotaka tuamini. Mama ni mwimbaji; mwana ni bingwa wa maneno; msomaji anaunganisha mwenyewe na kusema damu imerithi. Hapa ndipo tunapotamani Walibora angekaa kidogo. Nyumba ya mwimbaji wa taarabu ni karakana. Nyimbo hutungwa humo, hubadilishwa, watu huja kusikiliza na kutia makosa, mafumbo hufunguliwa na kufungwa upya. Mtoto anayelala katika chumba cha pili husikia kazi hiyo yote. Zainabu Makame anaweza kuwa Ali Muhsin wa mwanawe. Riwaya ina nyenzo zote za kutuonyesha jambo hilo, lakini inampeleka mama kaburini na kutuachia urithi wa damu. Kisha inampeleka mwana barabarani kumtafuta baba, kana kwamba jina la baba ndilo litakaloihalalisha sauti ambayo mama ndiye aliyeilea.

Pengine tutaambiwa kwamba haya ni madai makubwa mno kwa riwaya iliyokusudiwa vijana. Tunajibu kwamba ni kwa sababu inasomwa na vijana ndipo yanapokuwa na uzito. Katika darasa lolote la kidato cha tatu katika nchi hii yumo msichana aliyeuza maandazi kabla ya kengele ya asubuhi, na yumo mvulana aliyefiwa na anayelala kwa mjomba ambako hatakiwi. Tunawapa kitabu, kisha tunawauliza wajadili jinsi dhiki ilivyomjenga mhusika mkuu. Wanajua mengi kuhusu dhiki kuliko sisi tuliotunga swali. Wanajua pia kwamba haijawajenga. Imewachosha, na insha zao zinarudi zimejaa wino mwekundu. Kutokana na swali letu mtoto huyo hana ila kukata kauli moja kati ya mbili, ama kwamba hajateseka vya kutosha, ama kwamba hana damu ya akina Kongowea. Tumemfanya ajione mkosefu kwa kukosa kitu ambacho hakuna aliyemfunza.

Swali lingeweza kuwa jingine, na halihitaji kubadilisha vitabu. Nani alimfunza mhusika kusema, na kwa njia gani? Mwanafunzi anayejibu swali hili kuhusu Siti atalazimika kuwatafuta Ali Muhsin, Subeti na Mbaruku. Akilijibu kuhusu Rosa atapita nyumba baada ya nyumba na shule baada ya shule akirudi mikono mitupu, naye ataielewa riwaya hiyo kuliko kwa kuambiwa habari za malezi makali. Akilijibu kuhusu Kongowea atalazimika kusimama mlangoni pa Zainabu Makame na kusikiliza, kisha kumwuliza mwandishi mbona amepita haraka hivyo.

Wasifu wa Shaaban Robert, ambao kwa usanii ni dhaifu kuliko riwaya hizi mbili, unabaki ndio wenye ushahidi mwingi zaidi, kwa kuwa mwandishi wake hakuweza kuyaficha majina ya watu. Ulichapwa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baadaye ukatoka kama kitabu. Wakati huo mwenye maisha yale alikwisha kufa miaka 8, na hata angekuwa hai angehitaji mtu wa kumsomea. Mtu angependa kujua ni ukurasa upi ambao angemwambia msomaji huyo arudie, na ni upi ambao angemkatiza hapo hapo na kumwambia haikuwa hivyo.